Pampu ya MGB haiachi kugonga na gari linanuka petroli

#1 MpwaWaUpanga

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina MGB ya mwaka 1969, gari la Kiingereza, ile ya wazi, siti mbili, kabureta mbili za SU (kampuni ya Kiingereza, ndiyo iliyotengeneza na pampu yake ya mafuta). Ilikuwa ya mjomba. Aliipaki chini ya mwembe Upanga, akaifunika turubai, na kwa miaka mingi abiria wake walikuwa kuku. Alipofariki ndugu wakaniambia chukua wewe, maana ndiye ulikuwa unamshikia tochi. Mwaka jana nikaifufua. Injini (cc 1798, ileile ya kiwandani) ilikubali bila ubishi. Breki, klachi, matairi, vyote nilihangaika navyo. Bomba la mafuta nikaliruka, kwa sababu kwa nje lilionekana zima: bomba la chuma, limepakwa lami nyeusi, limenyooka.

Mipira ya mbele ilikuwa imekakamaa, fundi akasema tubadilishe. Akamtuma dogo dukani, dogo akarudi na mpira wa bodaboda, ule unaong'aa mpaka unaona petroli ikipita ndani. Mimi nikaufurahia kabisa, eti naona mafuta yanavyotembea.

Ijumaa iliyopita niko kwenye foleni ya Bagamoyo Road, nakaribia Mwenge, saa 11 jioni. Harufu ikanijia. Nikajua ni ya daladala iliyo mbele. Daladala ikaondoka, harufu ikabaki. Nikazima, nikafungua boneti: ule mpira umegeuka rangi ya chai ya rangi, umekuwa mgumu kama mrija wa soda, na pale unapoingia kwenye kabureta umepasuka. Matone yanaanguka taratibu. Sasa wanaoijua MGB wanajua kabureta na eksozi viko upande mmoja, kushoto, kabureta juu, manifoldi ya eksozi chini yake. Kinachodondoka pale hakina pa kwenda zaidi ya kwenye chuma cha moto.

Konda mmoja na vijana wawili wa boda wakaja kunisaidia kusukuma. Mmoja wa vijana alikuwa na sigara mdomoni. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kujisikia nikiupiga.

Kwa hiyo gari liko nyumbani, limekatwa betri. Lakini kuna jambo jingine, na ndilo limenileta hapa. Hata nilipoukata ule mpira na kuweka kipande kingine cha muda, pampu haiachi kugonga. Washa swichi bila kupiga stata: tak-tak-tak-tak, dakika mbili, tatu, haichoki. Mjomba alikuwa akiwasha swichi inagonga kidogo inanyamaza. Nabadilisha bomba lote au naanzia wapi?

#2 Kijiwe_Sinza

Uzi wa gari bila picha ni mapambo. Weka picha.

Halafu ushauri wa bure: ng'oa hiyo injini, weka ya Toyota, uishi kwa amani. Spea unapata mpaka kwa muuza vocha.

#3 Mzee Kabureta

Huyo wa Toyota apuuzwe.

Kijana, hiyo pampu inakueleza ugonjwa wake, ila huisikilizi. Pampu ya SU ya umeme ina kiwambo cha mpira ndani. Sumaku inakivuta, mafuta yanaingia. Pointi (swichi ndogo ndani yake) zinaachia, springi inakisukuma, mafuta yanatoka kwenda mbele. Basi. Kabureta zikijaa, sindano za floti (vali ndogo zinazosukumwa na boya mafuta yakipanda) zinafunga njia, kiwambo hakina pa kusukuma, pampu inanyamaza. Kwa hiyo injini ikiwa imezimwa na pampu bado inagonga, kuna moja kati ya mawili: mafuta yanatoka mahali yasipotakiwa kutoka, au hewa inaingia mahali isipotakiwa kuingia.

Sikiliza mwendo wake. Ikigonga polepole, moja… moja… moja, mara nyingi ni upande wa mbele: bomba linavuja au sindano ya floti haifungi, na hapo utaona kabureta inatema kwenye kile kibomba chake cha kumwagia. Ikigonga mbio kama cherehani, inavuta hewa. Hapo tazama kati ya tangi na pampu. Na upande huo usitegemee kuona tone, maana pale pampu inanyonya, haisukumi. Ufa unaweza kuwepo na chini pakavu kabisa.

Yako inagongaje?

#4 MpwaWaUpanga

Shikamoo mzee. Nimetoka kuisikiliza sasa hivi nikiwa na tochi. Inaanza mbio, halafu inapungua, halafu inakuwa ya polepole isiyokatika. Kama moja kila sekunde mbili.

#5 Mzee Kabureta

Marahaba. Basi una magonjwa mawili au una moja la mbele. Ingia chini, shika bomba zima kwa mkono mtupu kutoka nyuma mpaka mbele. Usiangalie, shika. Hasa chini ya klipu zinazolibana kwenye bodi. Maji ya chumvi na tope la masika hukaa pale klipu ilipo, halafu bomba hulika kwa siri.

Na gari limekaa Upanga, umbali wa kutupa jiwe na bahari. Hilo bomba la chuma la miaka hamsini na kitu, usiliamini hata likikuapia.

#6 FundiFriji_Tabata

Mkuu hapo mbona kazi ndogo. Bomba la hilo gari ni inchi 5/16, karibu sawa na milimita 8. Sisi mafundi friji tunalo la kopa saizi hiyohiyo, linauzwa kwa futi, Kariakoo limejaa. Linakunjika kwa mkono, halishiki kutu. Nina benda na mashine ya kupanua mdomo. Niite Jumamosi, nusu siku tumemaliza.

#7 BahariaKurasini

FundiFriji nakuheshimu, ila hapana. Kopa tupu kwenye gari ni mtego. Friji imekaa kimya ukutani, gari linatetemeka mchana kutwa. Kopa ikitetemeshwa muda mrefu inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inapasuka, tena inapasukia palepale ilipoingia kwenye kiungio, mahali usipopaona. Nimeshuhudia melini, bomba dogo la kopa kwenye jenereta, limekatika safi kama limekatwa na kisu.

Tafuta kopa iliyochanganywa na nikeli, ile ya asilimia kama kumi. Ni aina ileile inayotengenezewa mabomba ya maji ya bahari kwenye meli, ndiyo maana chumvi haiishtui. Inakunjika karibu sawa na kopa, lakini inavumilia mtetemo. Uingereza wanaiita Kunifer na wanaitumia kwenye mabomba ya breki na mafuta ya hizi gari za zamani. Rangi yake si nyekundu kama kopa, inaelekea fedha yenye wekundu kwa mbali.

#8 FundiFriji_Tabata

Nimekuelewa baharia. Kwenye kopa nilikuwa nawaza kutu tu, mtetemo sikuufikiria. Ofa ya mashine yangu bado ipo.

#9 MamaPistoni

Nimekuwa nasoma kimya, ila kwenye mipira lazima niingie.

Mimi nina Triumph Spitfire, gari jingine la zamani la Kiingereza, na nilishapitia balaa la mpira. Wangu haukuvuja hata tone. Uliliwa kwa ndani. Gari lilikuwa linamisi, linazima kwenye mzunguko, nikabadilisha plagi, kondensa, nikamlaumu fundi wa watu. Kufungua bakuli la kabureta nikakuta vumbi jeusi limelala chini kama masinzi ya chungu. Ni mpira ule, ulikuwa unajimenya ndani na kupelekwa na petroli. Chembe moja ikikaa kwenye sindano ya floti, sindano haifungi, kabureta inafurika. Kwa hiyo @MpwaWaUpanga, huenda hata hilo la pampu kugonga polepole limetokana na mpira wako wa bodaboda.

Tafuta mpira ulioandikwa ubavuni SAE J30 R9, hilo ni daraja la mipira ya mafuta. Ule wa R6 ni wa zamani, haupatani na petroli yenye ethanoli. Kule Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida pampuni ni E10, yaani ethanoli mpaka asilimia 10, na watu wengi wa gari za zamani wamebadilisha mipira kwa sababu hiyo. Ila maandishi pekee yasikulaze. Kuna mipira imegongwa R9 na ni takataka. Mimi nikinunua nakata kipande cha kidole, nakitumbukiza kwenye kopo la petroli lenye mfuniko, nakiacha nje kivulini wiki moja. Kikitoka kimevimba, kimelainika, au petroli imekuwa nyeusi, mpira wote nautumia kumwagilia mchicha.

#10 Kijiwe_Sinza

Dada una Spitfire hapa Dar na hujawahi kuweka picha? Nchi hii ina mambo.

#11 Babu_Chang'ombe

Enzi zetu gari likizimika kwa joto tulikuwa tunabana bomba la mafuta kwa vibanio vya nguo vya mbao, vitano sita, mafuta yanapoa gari linaondoka. Jaribu hiyo kwanza kabla ya kutapanya hela.

#12 Mzee Kabureta

Babu, ulikuwa unavibana, unapumzika nusu saa, unanywa maji ya dafu, gari linapoa, vibanio vinapewa sifa.

Tena MGB si mgonjwa sana wa mvuke kwenye bomba, maana pampu yake iko nyuma na inasukuma. Zinazoteseka zaidi ni zile zenye pampu ya kimakanika ubavuni mwa injini, inayonyonya petroli kupitia bomba refu lililopata moto. Joto la MGB liko kwenye kabureta zenyewe, zimekaa juu ya eksozi kama sufuria juu ya figa. Kijana, angalia lile bati la kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi. Kama mtu alilitupa, ujue na hapo pana kazi.

#13 MpwaWaUpanga

Bati lipo, nashukuru Mungu. Nimefuata ushauri wa mzee, nimeshika bomba lote. Jibu lilipatikana kwenye klipu ya tatu kutoka nyuma. Nilipoifungua, bomba chini yake lilikuwa na tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, na kilichokuwa kinalizuia ni ile lami tu. Nilipoigusa lami kwa kucha, ikabanduka, petroli ikanitiririkia mpaka kwenye kiwiko.

EWURA (mamlaka ya nishati na maji) wakitangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi nashika kichwa kama kila mtu, kumbe mimi nyingine nilikuwa naipaka chini ya gari.

Nimeagiza kutoka Uingereza: koili ya kopa-nikeli inchi 5/16 ya futi 25, mpira wa R9, klipu na wosha za pampu. Nilizunguka Shaurimoyo na Gerezani kwanza. Bomba la kopa-nikeli lipo, ila ni la breki, inchi 3/16, jembamba. Tutaonana vitu vikifika.

#14 MpwaWaUpanga

Wakuu, vitu vimefika, kazi imefanyika Jumamosi na Jumapili. Naandika kirefu kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata.

Kwanza usalama, na hapa Mzee Kabureta alinipigia simu kabisa. Nilitaka kulipeleka gari kwenye shimo la gereji moja jirani. Akasema thubutu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujaa shimoni kama maji, na wewe umo ndani yake. Cheche moja ya swichi ya taa inatosha. Kwa hiyo nikafanya uwanjani, juu ya stendi nne, upepo unapita. Betri nilizikata kabla ya kugusa chochote. MGB ya 1969 ina betri mbili za volti 6 nyuma ya siti, pima kwanza kabla ya kuamini kuwa umeme umekatika. Taa ilikuwa tochi ya kichwani ya betri, si balbu ya waya. Mtungi wa unga wa kuzimia moto pembeni, ndoo mbili za mchanga, na namba ya Zimamoto, 114, nimemkaririsha mdogo wangu.

Petroli ya tangini niliinyonya kwa pampu ya mkono, sikunyonya kwa mdomo kama tulivyozoea kuona. Ilitoka lita 17 na harufu ya vanishi.

Kufungua kulinila asubuhi nzima. Hizi gari nati zake ni za inchi, na spana zetu ni za milimita. Nusu inchi unaweza kuidanganya kwa 13, 7/16 unaidanganya kwa 11. Lakini 9/16 ni mtihani: 14 haiingii, 15 inazunguka na kula kona za nati. Nilikwenda Gerezani kwa mzee mmoja anayepanga vyuma chini ya turubai, nikamwambia 9/16, hakuuliza ni nini. Aliingiza mkono kwenye sanduku bila kuangalia akatoka nayo.

Bomba la zamani msilikatekate mkalitupa. Nililitoa vipande viwili tu, nikavilaza kwenye kibaraza, nikavitumia kama ramani ya mikunjo. Kisha nikapasua kimoja kwa urefu. Ndani kuna ukoko wa kahawia umeshika pande zote, na njia iliyobaki katikati ni ya kiini cha penseli ya mtoto. Gari lilikuwa linakunywa kwa mrija.

Bomba jipya linakunjika, lakini usilikunje kwa goti, linabonyea. Mikunjo mipana niliizungusha kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, ile midogo kwenye chupa ya soda, taratibu, huku dole gumba likifuata nyuma. Penye kona kali FundiFriji akatumia benda yake. Ndiyo, alikuja kweli, kutoka Tabata mpaka Upanga na begi la vifaa, na hela akakataa, akala chipsi mayai tu (ng'ambo ya geti, mbali na petroli). Bomba lake la kopa tulilikataa lakini bila mashine yake nisingemaliza. Tulilikata kwa kikata-bomba cha gurudumu. Msumeno unaacha unga wa chuma ndani, na unga huo safari yake inaishia kwenye sindano ya floti. Baada ya kukata, tukakwangua mdomo kwa ndani, tukapuliza kwa hewa.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wanaliruka. Mwisho wa bomba, pale mpira unapoingia, usiuache laini kama bomba la maji. Mpira unachomoka. FundiFriji aliweka mdomo kwenye mashine akausukuma nusu tu, usipanuke kuwa tarumbeta, ukatoka uvimbe mdogo wa duara, kama pete iliyomezwa. Mpira ukishapita ile pete na klipu ikakaa nyuma yake, vuta mpaka uchoke.

Nimelipitisha njia ileile ya kiwandani chini ya sakafu, nikalifunga kwa klipu zenye mpira ndani kila baada ya sentimita 30 hivi, mbali na eksozi na mbali na shafti inayozunguka. Linapopita kwenye tundu la bati nimeweka mpira wa kukinga. Klipu za kubana mipira ni zile zenye ukanda mzima, zisizo na matobo, maana zenye matobo zinang'ata mpira. Kukaza ni mpaka mpira uanze kujibonyeza, basi. Fundi wetu wa kwanza alikuwa anakaza mpaka bisibisi inateleza, na ndipo nilipoona ile mipira ya zamani imekatwa nusu na klipu zenyewe.

Bakuli za kabureta nilizifungua. @MamaPistoni, vumbi lilikuwepo. Halikuwa jeusi, lilikuwa la kahawia, kutu ya bomba. Nimesafisha, nimeweka sindano mpya.

Kesho nawasha pampu.

#15 Mzee Kabureta

Kazi nzuri. Maswali mawili. Petroli umeiweka kwenye nini, na filta umeweka ya aina gani?

#16 MpwaWaUpanga

Petroli iko kwenye madumu ya mafuta ya kula mzee, yale ya njano. Filta nimeweka ya kioo, mbele, karibu na kabureta, ili nione uchafu.

#17 Mzee Kabureta

Ndiyo maana nimeuliza.

Madumu ya njano yatoe leo hii, nunua jerikani la chuma. Dumu la mafuta ya kula halikutengenezewa petroli, na juani linavimba kama chura.

Filta ya kioo itoe pia. Ina viungio viwili vyenye oringi, kioo katikati, imening'inia juu ya eksozi. Umehangaika wiki nne kuondoa mpira wa bodaboda kwa sababu ya kutaka kuona petroli, halafu umerudisha dirisha lilelile. Weka ya chuma iliyozibwa, na uisogeze mbali na moto.

#18 MpwaWaUpanga

Nimecheka peke yangu kama mwehu. Natoa.

#19 BahariaKurasini

Pampu imenyamaza?

#20 MpwaWaUpanga

Haijanyamaza.

Wakuu, nimevunjika moyo. Bomba jipya, mipira mipya, sindano mpya, filta ya chuma. Nimerudisha lita 10 tangini, nimewasha swichi. Inagonga mbio, inapungua kidogo, inaendelea. Sasa haifiki hata ile ya polepole, ni mbio tupu kama cherehani ya fundi wa Krismasi. Nimepitisha tishu nyeupe kwenye kila kiungio, kimoja baada ya kingine, tishu inatoka kavu.

#21 Kijiwe_Sinza

Injini ya Toyota…

#22 Mzee Kabureta

Usivunjike moyo, umeshapona ugonjwa mmoja. Wa polepole umeondoka, sasa unausikia wa pili peke yake. Rudi #3 usome tena. Mbio maana yake nini?

Kipande cha mpira kati ya tangi na pampu, umekibadilisha?

#23 MpwaWaUpanga

Sikukibadilisha. Kilionekana kipya, fundi alisema alikiweka mwaka jana.

#24 MamaPistoni

Fundi yupi? Yule wa mpira wa bodaboda?

#25 MpwaWaUpanga

😭

#26 MpwaWaUpanga

Leo asubuhi nimelala chini upande wa gurudumu la nyuma kulia, pale pampu ilipo. Hiki kipande hakifiki hata urefu wa kiganja. Kwa mbele ni cheusi, kinang'aa, kizuri. Nikakigeuza kwa vidole. Upande wa juu, unaotazama sakafu, usiouona hata kwa tochi, una nyufa kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Nilipokikunja zikafunguka. Hakuna tone, kikavu kabisa, kama mzee alivyosema. Pampu ilikuwa inanyonya hewa ya Upanga.

Nimekitoa, nimekata kipande cha R9, nimeweka na klipu. Wosha za pampu nilizokuwa nazo kwenye bahasha nimeziweka sasa hivi, maana juzi nilijiambia za zamani bado zinafaa.

Nikaunganisha betri. Nikawasha swichi.

Tak-tak-tak-tak-tak. Tak-tak. Tak… tak.

Halafu kimya. Nilikaa pale na ufunguo mkononi nikidhani fuzi imekatika. Nilisikia kunguru kwenye mwembe na muuza kahawa akigonga vikombe vyake kule barabarani. Nikangoja. Baada ya muda mrefu ikagonga mara moja, ikanyamaza tena.

#27 Mzee Kabureta

Hiyo moja ni halali yake. Sasa iache nusu saa, pitisha tishu tena, halafu iwashe injini ipate moto, zima, pitisha tena. Viungio vya mpira mpya vikipata joto hulegea kidogo, kaza robo mzunguko. Rudia baada ya wiki.

Na ukipata nafasi weka ile swichi ya kukata umeme wa pampu gari likigongwa. Gari lako halikuja nayo. Pampu ya umeme haijui kwamba umepata ajali, itaendelea kusukuma.

#28 Babu_Chang'ombe

Na risasi (ledi) kwenye petroli? Hizi injini zilizoea petroli yenye risasi.

#29 Mzee Kabureta

Babu, petroli ya risasi iliondoka huku kwetu tangu kuingia 2006. Habari ya risasi kulinda viti vya valvu ina uzi wake, tusichanganye.

#30 MpwaWaUpanga

Mrejesho wa mwisho. Jana jioni nimekwenda nalo mpaka Coco Beach, nikarudi kupitia daraja la Tanzanite, foleni ya kutosha tu, joto la kutosha tu. Nimefika nyumbani nimefungua boneti, tishu kavu. Harufu hakuna. Ndani ya gari nanusa siti tu, na kuku kwa mbali.

Kwenye ile koili ya futi 25 nimetumia karibu nusu. Imebaki kama mita nne ya kopa-nikeli, na kipande cha mpira wa R9 cha nusu mita. Siuzi. Mwenye gari la Kiingereza hapa Dar lenye bomba la saizi hii anitumie ujumbe ndani.

#31 MamaPistoni

Mimi! Nakuja Jumamosi. Usimpe mtu.

#32 Kijiwe_Sinza

Na mimi nakuja. Kupiga picha.